Dakika Kumi za Mwisho

Ijumaa, baada ya isha

Na sijuti hata kidogo. Miaka mitatu Habiba, mwenzangu wa kuuza maziwa, ananimalizia kila filamu ya kutisha kabla sijaiona. Tukiwa sokoni tunangoja maziwa ya ngamia, nikisema nimepata moja ya zamani, isiyo na rangi, yeye anajibu tu huku akiosha mtungi, "Muuaji ni daktari."

Basi juzi nilimpa flashi yenye filamu ya mjane, nikiwa nimekata dakika kumi za mwisho. Inakatika mjane akiushika mlango wa stoo, na kitu kinakwaruza ndani.

Leo alinijia mbele ya wauza maziwa wote. "Dadangu, wallahi sijalala. Mle stoo mlikuwa na nini?"

Nikaendelea kuosha mtungi.

Mchana kweupe akakataa kuingia stoo yetu ya mitungi peke yake. Nikamsindikiza. Alipoinama nikatoka, nikafunga mlango, nikaukwaruza kwa kucha.

Mayowe yake yalifika hadi mtaa wa Kiwanjani. Najua ana presha, na kwa hilo niliogopa kidogo.

Lakini nilipomfungulia, nilimwambia polepole, "Muuaji ni daktari."