Mtu wa Dirishani

Jumatatu, 4 Machi
Ubao wa maktaba unanisubiri. Kila Ijumaa nabandika nilivyookota mtandaoni: sayansi, teknolojia, mambo ya serikali, burudani. Msomaji wangu mwaminifu ni mlinzi peke yake, naye anataka mafumbo tu! Leo nimeokota tovuti ya ramani yenye picha za mitaa, mpya kabisa, za mwezi uliopita. Nikatafuta kwetu — nani asingetafuta? Geti letu. Ndoo yangu ya bluu. Dirisha la mama.
Mtu amesimama dirishani.
Mama hajasimama tangu apooze miguu, mwaka wa pili huu. Tunaishi wawili tu, na mchana mimi niko kazini.

Jumanne, 5 Machi
Nimemtumia kaka picha. Kasema ni pazia. Nikamwambia asome maelezo ya tovuti: mashine yao hutafuta nyuso za watu na kuzifunika kwa ukungu. Na pale dirishani pana ukungu. Pazia lina uso? Hapo akageuza maneno — basi bi mkubwa anatembea, anakuficha usije ukamwacha.
Imenichoma. Barua ya uhamisho wa kwenda makao makuu, mbali na hapa, imo mkobani; jibu linatakiwa Ijumaa. Nilishaamua kukataa, kwa ajili ya mama. Nimemkasirikia mchana kutwa. Jioni nikamwogesha, ile miguu myembamba mikononi mwangu, nikaona aibu.
Naye ananishukuru: chai ya saa nne ilikuwa tamu. Chai gani? Mimi humwachia mkate na chupa ya maji. Na akili ya mama haijayumba hata siku moja.

Jumatano, 6 Machi
Asubuhi, mama akiwa bado usingizini, nimenyunyiza unga sakafuni kutoka kitandani hadi mlangoni. Ujanja wa kufuatilia panya, lakini nifanyeje?
Jioni — nyayo! Miguu mitupu, kutoka mlangoni hadi kitandani, kisha kurudi. Nikamkagua mama visigino. Safi. Shukani hakuna hata chembe ya unga.
Nikavua kiatu, nikaweka mguu wangu juu ya alama. Umeenea. Hata kidole changu kilichopinda.
Nimefagia upesi. Jikoni kikombe kimeoshwa na kufunikwa na kisahani, ninavyofunika mimi. Naogopa, na sina wa kumwambia. Kaka atacheka.

Alhamisi, 7 Machi
Nimeomba ruhusa kazini. Nilimuaga mama saa moja kama kawaida, nikarudi saa nne kasoro robo, viatu mkononi. Amelala. Nimekaa kwenye kigoda kando ya kabati, barua magotini. Nikikataa, nabaki nyumba moja na hicho kitu. Nikikubali, nakiachia mama. Naandika huku nasubiri.
Birika linalia jikoni.
Mama kaamka. Kaniona. Nikamwambia, mama, ni mimi. Hakutabasamu. Kajivuta hadi ukutani, shuka kaishika kwa mikono miwili, macho hayabanduki usoni kwangu. Kisha kapaza sauti, si kwangu — kuelekea jikoni:
"Mwanangu, njoo upesi! Kuna mtu humu chumbani!"
Birika limeepuliwa.
"Nakuja, mama." Sauti ni yangu. Nami sijafungua mdomo —