Maji ya Kariaini

Jumatatu, 4 Januari
Mikate arobaini, skonzi sinia tatu. Wageni wa Krismasi wameondoka wote, isipokuwa wazee wawili Wazungu wa chumba cha sita, ambao huja kila mwaka na kulalamika kila mwaka. Safari hii wanalalamikia ziwa. Wana haki. Maji yameshuka ngazi tatu kwenye gati, na boti ya mwisho imekaa juu ya matope kama kuku anayeatamia. Njoroge, mtu wa boti, anasema mvua fupi zilitudanganya. Miguu inauma. Miaka ishirini na miwili katika jiko hili.

Jumatano, 13 Januari
Watu wa skimu ya makazi walikuja langoni. Kama thelathini, wengi wanawake, madebe matupu mgongoni. Mashamba waliyogawiwa baada ya Uhuru yako bondeni, chini ya ziwa letu, mwendo wa saa moja kwa miguu. Mfereji wao hutegemea maji yanayomwagika kutoka kwetu. Hayamwagiki tena. Walitaka kumwona mwenye hoteli, Bwana Mureithi.
Msemaji wao alivua kofia. Kipara. Kisha nikaijua ile sauti.
Gathogo, kaka yangu. Sijamwona miaka kumi na saba.
Aliniona dirishani na aproni yangu. Akageuza uso.
Nikaunguza mikate ya zamu ya pili.

Alhamisi, 14 Januari
Niandike mara moja nimalize. Nilizaliwa Mukurweini, jina Wanjiru. Nikiwa na miaka kumi na tisa nilimfuata Salimu, dereva, mtoto wa Majengo pale Nyeri. Nikasilimu, nikaitwa Hadija. Baba alikasirika, lakini hilo lingepoa. Lililokataa kupoa ni mambo ya hali ya hatari. Gathogo alikamatwa na serikali ya mkoloni, akapelekwa kizuizini kuchimba mifereji ya mpunga huko Wang'uru. Mimi nilikuwa hapa, nikiwaokea mikate maofisa wa jeshi waliokuja kupumzika kando ya ziwa. Mama alipokufa nililetewa habari baada ya mazishi. Sina la kujitetea ila njaa na mtoto mchanga.

Jumapili, 24 Januari
Nimelizunguka ziwa lote kwa miguu. Dakika arobaini. Zamani ilikuwa saa nzima.
Mlowezi aliyelichimba na kulijengea ukuta, kwa ng'ombe dume na watu wa shambani kwake, alitaka tu mahali pa kuvua samaki akiwa amekaa kitini. Rafiki zake wakapapenda. Hoteli ikaja. Halafu posta, duka la Mhindi, pampu ya petroli, kinyozi, nyumba za mbao zenye maua mlangoni. Mji mzima wa Kariaini ulizaliwa na shimo la maji. Salimu aliwapokea wageni stesheni, wengine na mbwa wao, wengine na gramafoni. Hapo kabla bonde hili lilikuwa la kulishia mbuzi. Mbuzi wa nani, hakuna aliyeuliza.
Nakumbuka siku ya Uhuru. Mlowezi alikuwa ameshauza na kwenda zake. Bwana Mureithi akatangaza kwamba leo boti ni bure kwa yeyote. Hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kukaa ndani ya boti, sisi tuliozisugua miaka yote. Watu walikuja kutoka Karatina na Nanyuki wamevaa suti. Salimu akashika makasia, tukazunguka palepale kama mbwa anayetafuta mkia wake. Nilicheka hadi kilemba kikaanguka majini. Mariamu wetu alikuwa ukingoni, akiona aibu kuwa na wazazi kama sisi. Mlima ulikuwa wazi jioni ile. Mmoja juu, mwingine ndani ya maji.
Nilidhani Uhuru ndio huo.
Salimu hayupo, huu mwaka wa tatu.

Jumanne, 9 Februari
Idi nilikula Nyeri, nyumbani kwa Mariamu, mtaa wa Skuta. Nimerudi nikakuta mlinzi mwenye rungu ukingoni mwa ziwa. Wanawake wa skimu huja na madebe asubuhi, naye huwafukuza. Bwana Mureithi anasema wakiruhusiwa thelathini watakuja mia tatu, na Pasaka vyumba vyote vimeshachukuliwa. Wageni hawatoki Nairobi kuja kutazama matope. Si mtu mbaya. Alimzika Salimu kama ndugu yake.

Jumamosi, 20 Februari
Nimefanya ujinga. Nilifunga mikate minne kwenye kitambaa nikashuka skimu.
Mahindi yamekauka yakiwa kimo cha magoti. Mbele ya boma moja ng'ombe amekufa, wameshindwa hata kumburuta. Kwenye kijito nikamkuta mwanamke amepiga magoti, anachota tope kwa kikombe na kulichuja kwa leso. Nikamuuliza kwa Gathogo ni wapi.
"Kwake ni kwangu," akasema. Akanitazama sana. "Wewe ni Wanjiru. Uko na pua yake."
Ni Nyambura, mke wa kaka yangu. Tumekuwa wifi miaka kumi na hatujawahi kuonana. Ana watoto watatu. Mkate mmoja uliisha tukiwa bado tunasalimiana. Mitatu akaificha chini ya kanga. "Kaka yako hawezi kula mikate yako," akasema. "Usikasirike. Ni vile tu yuko."
Sikukasirika. Niliona haya. Nimerudi nikanawa mikono kwa maji ya bomba, nikayaacha yatiririke kidogo, halafu nikafunga haraka kama mwizi.

Jumatano, 24 Februari
D.O., mkuu wa tarafa, alikuja kufanya baraza hapa hotelini. Bwana Mureithi akampeleka kwenye mlango wa maji. Uko wazi kabisa, na mkavu. Ziwa limeshuka chini yake. "Mnaniambia nifungue," akawaambia watu wa skimu, "haya, umefunguliwa. Maji yatapanda ukuta?" Bomba la chini ya ukuta, la kutolea maji yote, lilizibwa zamani, kila mtu anajua.
Halikuzibwa.
Liko chini ya sakafu ya nyumba ya boti. Koki kubwa ya chuma, na usukani kama wa lori. Mlowezi aliifungua mara moja tu, mwaka wa kusafisha ziwa, yeye na Salimu, nami nikiwashikia taa huko chini. Mlowezi yuko ng'ambo. Salimu yuko kaburini. Nimebaki mimi.
Nilikuwa nikiwamiminia chai. Sikusema kitu.

Alhamisi, 25 Februari
Leo pia sikusema.

Jumatatu, 1 Machi
Njoroge anazipaka boti rangi kwa ajili ya Pasaka. Nyeupe, na mstari wa buluu. Anaimba. Ana watoto sita na mke mgonjwa. Tuko wafanyakazi kumi na wanne, na Mhindi wa duka, na kinyozi, na mama wanaouza vikapu barabarani. Wote wanakula kwa ziwa hili. Likifunguliwa huko chini halitoi nusu likabakisha nusu. Nililiona mwaka ule. Linakwenda lote.
Nalipenda. Hilo ndilo la kweli kuliko yote. Nikifunga macho namwona Salimu pale ukingoni akiosha gari, suruali ameikunja.

Jumanne, 9 Machi
Nyambura amekuja mlango wa jikoni. Mtoto wake wa mwisho, Wangui, yuko hospitali Nyeri. Kuhara, kwa maji ya lile tope. Hakuniomba ziwa. Aliomba tu Mariamu ampelekee mtoto uji, kwa vile Skuta si mbali na hospitali.
"Anaweza?" akauliza.
Nikasema anaweza. Nikaingia stoo ya unga nikafunga mlango. Nimejichukia leo kuliko siku yoyote.

Ijumaa, 12 Machi
Nimesema.
Baraza la pili, kwenye nyasi mbele ya hoteli. D.O. alishaanza kufunga makaratasi yake. Nikatoka jikoni na aproni, mikono ina unga.
"Bwana D.O., bomba la chini liko. Linafanya kazi. Mimi najua mahali."
Bwana Mureithi akaniangalia. Hakuwa na hasira, na hilo lilikuwa baya zaidi. Akaniuliza taratibu, "Tangu lini unajua, Mama Mariamu?"
"Tangu zamani."
"Na hukuniambia mimi?"
Nikafuta unga kwenye aproni. Njoroge alikuwa amesimama na brashi ya rangi mkononi. Akasema, "Ati umetuuza kwa sababu ya ndugu ambaye hata hakusalimii." Gathogo alisikia. Watu wote walisikia. Gathogo aliangalia chini.
D.O. ameamuru lifunguliwe Jumatatu.

Jumatatu, 15 Machi
Walipasua sakafu ya nyumba ya boti. Hakuna mfanyakazi wetu aliyetaka kushuka, akashuka Gathogo mwenyewe na mtarimbo. Nikashuka nyuma yake na taa, maana hakujua pa kushika. Tulikuwa wawili tu huko chini, magoti kwenye matope. Nikamwonyesha. Usukani ulikataa, ukakataa, halafu ukazunguka, halafu ukakatika mikononi mwake. Chini yetu chuma kikapiga kelele na maji yakaanza kwenda.
Tulikaa tunasikiliza.
"Huko Wang'uru," akasema, "tulichimba mifereji miaka miwili. Sikuonja maji yake." Basi. Akapanda juu. Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia kwa miaka kumi na saba.

Jumatano, 17 Machi
Limekwisha. Limebaki dimbwi katikati. Kwenye matope kuna chupa mamia, viti viwili, gramafoni. Samaki wanarukaruka na hakuna anayewataka, watu wa huku hawali samaki. Niliokota ndoo nzima, nikakaanga kwa pilipili kama walivyonifundisha Majengo, nikala peke yangu. Njoroge alipita bila kunisalimu. Huko skimu wanasema mfereji umejaa hadi kingo, watoto wanaogelea humo. Wangui ametoka hospitali.
Nimelia, lakini si kwa furaha. Nisijidanganye.

Jumamosi, 3 Aprili
Mvua. Tangu alfajiri, mvua kubwa ya masika, kwa kelele za mabati hatusikilizani. Maji yanashuka kutoka mlimani, yanaingia ziwani, yanapita, yanatoka. Koki haifungiki tena. Fundi kutoka Nyeri alisema ni kuvunja ukuta wote na kujenga upya, nani atajenga.
Wageni wa Pasaka wameandika barua kwamba hawaji. Bwana Mureithi alitukusanya katika chumba cha kulia akatuambia hoteli inafungwa. Alimshika kila mtu mkono. Mimi pia.
Njoroge alinifuata jikoni. Nilidhani atanitukana. "Siku kumi na tisa," akasema. "Ungengoja siku kumi na tisa tu, Mama Mariamu, tungekuwa na vyote viwili." Akakaa kwenye gunia akafunika uso.
Nimehesabu tangu koki ilipofunguliwa. Ni kumi na tisa kweli. Je, Wangui angengoja? Pengine. Pengine la. Hakuna atakayejua, na mimi ndiye nitakayelala na swali hilo. Lakini nilivyojua siku ile ndivyo nilivyosema. Jambo ninalojutia ni zile siku kumi na sita nilizokaa kimya.

Jumapili, 30 Mei
Skuta. Nakaa kwa Mariamu, nauza skonzi kwa maduka mawili ya hapa mtaani. Njoroge amepata kazi ya shamba Nanyuki, nimesikia. Juzi mtu aliyepita Kariaini aliniambia nyasi zimeota ziwani kote na kuna mbuzi.
Leo mchana mlango ulibishwa. Gathogo, na gunia la kabichi begani. Alikuwa na shughuli mjini, akasema. Jumapili, shughuli gani. Nikamkaribisha kitini. Nikampa chai na skonzi. Akazikata vipande vidogovidogo, akala zote, akaokota hata makombo. Tukazungumza habari za viazi. Tukazungumza habari za magoti yake, yanamuuma tangu kizuizini. Jina la mama likatajwa mara moja, na yeye ndiye aliyelitaja. Alisema kaburi lina miti sasa, na kwamba tukienda twende kabla barabara haijaharibika. Alisema twende.
Nikaenda kuongeza maji kwenye birika. Niliporudi alikuwa amelala palepale kitini, kofia juu ya goti, mdomo wazi. Anakoroma kama baba. Nilikuwa nimesahau jinsi baba alivyokoroma.
Sikumwamsha.