Moto wa Amugune

Mbale, Maragoli
4 Februari 2019

Mwanangu Igunza,

Mirembe. Natumai barua hii itakukuta mzima huko Lodwar, na jua halijakumaliza. Sisi tu wazima, ila masikio yangu sasa ni pambo tu. Ndiyo maana ukiniuliza kwa simu habari za presha, nakujibu za ng'ombe. Tuandikiane.

Kadenyi na kikundi chake cha kina mama wanakuja kila asubuhi kuokota mbegu chini ya mti wetu wa mukomari. Wanaotesha miche, kisha wanaipanda kule mlimani, ambako sasa ni mawe matupu. Kadenyi anasema mikomari mingine yote ya hapa ilishageuzwa vitanda na makabati. Wetu ndio uliobaki wa kuzaa.

Kwa hiyo nina ombi. Wewe ni kifungua mimba, na siku yangu ikifika shoka ni lako. Usiukate mukomari kwa ajili ya moto wa matanga yangu. Kata mikaratusi ya kijitoni.

Akuombeaye mema,
Baba

Lodwar
27 Februari 2019

Baba mpendwa,

Pokea salamu zangu. Mimi sijambo, ingawa huku mtu anagombea kivuli na mbuzi. Dawa za presha unameza, ama unampa paka?

Baba, barua yako imeninyima raha. Kwanza, usinitajie hiyo siku yako. Pili, Guga alipokufa nilikuona kwa macho yangu ukichagua mti mkubwa kuliko yote bomani, ukapiga shoka la kwanza, na wanaume wa ukoo wakauota moto ule mpaka tukamzika babako. Watu bado wanautaja. Sasa mimi nikuwashie mikaratusi, kuni za kuchomea matofali? Baba mdogo Asava atasema Igunza alimnyima babake Amugune mti.

Niombe lingine lolote. Hilo siwezi.

Mwanao,
Igunza

Mbale
19 Machi 2019

Igunza,

Salamu. Umeuliza presha. Iko juu, na wewe ndiye umeipandisha.

Unaogopa mdomo wa Asava? Mimi nimeusikia tangu utotoni hadi masikio yakaziba. Atakayekuwa amelala pale ni mimi, si yeye. Moto wa Guga ulikuwa mzuri, sikatai. Lakini wakati ule ukikata mti mmoja, ulikuwa na msitu mzima mlimani. Leo nikitazama juu naona mawe, na moyo unaniuma.

Nijibu haraka.

Baba

Mbale
30 Mei 2019

Mwanangu,

Hujambo? Hujanijibu. Najua umenuna. Hata utotoni ulikuwa ukinuna mpaka mrenda ukapoa sahanini.

Mimi sijambo kidogo. Uvumilie mwandiko, mistari inapanda na kushuka. Juzi Kadenyi na wenzake walinishika huku na huku wakanipandisha mlimani. Miche ya mukomari wetu imefika magotini. Nilikaa juu ya jiwe nikalia, mzee mzima, na wao wakajifanya wanatazama kwingine.

Sitakuomba tena. Shoka nimelinoa, liko nyuma ya mlango. Ufanye utakavyoona, sitakukasirikia.

Njoo ukipata likizo. Nimekukumbuka sana.

Babako

Mbale
2 Julai 2019

Baba,

Pokea salamu, ingawa mara hii siwezi kukuuliza hali.

Nilikuwa nangoja likizo nije nikujibu kwa mdomo. Simu ya msiba ikanitangulia. Hili ndilo jibu lako.

Baba mdogo Asava alinikabidhi shoka chini ya mukomari, mbele ya ukoo wote. Kadenyi na wenzake walisimama kando ya zizi, maana si mahali pao kusema. Nilitaka kukata, Baba. Nilitaka moto mkubwa, kila mtu aone nilivyokupenda. Kisha nikakukumbuka ukilia juu ya jiwe. Nikashuka kijitoni.

Mikaratusi yako ilikuwa imekunywa kijito kizima. Ilitoa moshi, haikutoa moto. Wanaume walikohoa hadi wakashindwa kuimba. Baba mdogo akapaza sauti, "Ndugu yangu tunamzika, ama tunamkausha kama samaki?" Watu wakacheka, Baba, kwenye matanga yako. Kisha mmoja mmoja wakaenda kuota moto kwao. Nilibaki na moshi karibu peke yangu. Niliona aibu, na mpaka leo naiona. Baba mdogo hajanipa mkono.

Asubuhi hii Kadenyi amekuja kuokota mbegu. Hakunishukuru, wala sikutaka anishukuru. Amenitilia konzi moja kiganjani, kisha akaendelea kuinama. Kesho nitapanda nao mlimani.

Nikimaliza kuandika nitakuja hapo kaburini nikusomee barua hii kwa sauti kubwa. Wakiniuliza kwa nini napiga kelele, nitawaambia Baba hasikii vizuri.

Mwanao,
Igunza