Rehema Anauliza Kama Namba Hiyo Ipo

Baba yangu,

Rehema anataka kuhama tahasusi, aache hesabu. Aliyenieleza ni mwalimu wake wa hesabu, jana mchana. Mjukuu wako ameandika kwenye daftari la mazoezi: "Siwezi kukokotoa namba ambayo haipo." Namba yenyewe ni kipeuo cha pili cha hasi moja. Nilipompigia simu hakutetereka. "Mama, wewe si mwandishi wa habari? Nani ameiona?"

Swali hilo nilikuuliza wewe nikiwa kidato cha tano, kwenye karakana yako ya kusuka mota kule Itetemia. Siku hiyo ulikuwa na mota ya mashine ya kusaga kutoka Puge. Mwenye mashine, Mama Shija, alikaa juu ya kiroba cha mahindi akikusimanga: "Fundi, kijiji kizima kinakula michembe, viazi vikavu, kwa sababu yako!"

Uliniachia koili ya pili ya waya, ukasema iwe robo mzunguko kutoka ya kwanza. Mimi nikaona robo ni mapambo. Nikailaza mahali pamoja na ya kwanza, nadhifu kabisa. Tulipowasha, mota ikanguruma bila kuzunguka.

"Hata ng'ombe wangu ananguruma," Mama Shija akasema, "lakini hasagi."

Ulicheka mpaka ukashika meza. Kisha ukafumua kazi yangu yote bila neno kali, ukanisimamisha, ukanigeuza robo, halafu robo tena. "Sasa unatazama wapi, binti?"

"Nyuma."

"Basi hasi yako hiyo. Umeifikia kwa kupitia pembeni; robo moja ndiyo kipeuo chake."

Hata hivyo, muhula uleule niliacha hesabu, nikakuambia nimechagua vitu vinavyoonekana. Hukubisha. Uliniuliza tu kama nimekula.

Tangu tukuzike nimelifikiria jambo hili mara nyingi. Hasi moja nayo sijawahi kuikuta barabarani, na hakuna anayeikataa. Kama kanuni za kipeuo chake hazigombani, na kazi yake inaonekana kwenye mota, basi naandika kwamba ipo. Nilikosea, baba. Nimeona nikuambie wewe kabla ya kumwambia yeye.

Uamuzi ni wake. Fomu yake sitaigusa. Ila mwalimu amempa ruhusa ya kutoka shuleni, na fundi uliyemwachia karakana amekubali tufungue mota mbele ya Rehema Alhamisi, saa nne asubuhi. Fomu za kuhama zinapokelewa mwisho Ijumaa, saa sita mchana.

Lala salama, baba.

Binti yako wa kwanza