Watoto wa Baba

Migori,
2 Septemba

Kwa dada yangu Nyangi,

Pokea salamu zangu huko Muhuru Bay. Natumaini goti limepata nafuu na mvua haijaharibu samaki wa omena uliowaanika. Sisi hatujambo. Mke wangu Liz amepona malaria, amerudi kazini.

Wiki jana shule moja huko Asumbi ilinialika, kama mwandishi wa habari, niwaeleze wasichana kuhusu watu walioandika katiba. Nilimchagua Mmarekani, James Wilson. Alizaliwa Uskoti, akavuka bahari, akawa wakili. Alitia sahihi tangazo la uhuru wao, kisha katiba yao, akawa mmoja wa majaji wa kwanza wa Mahakama yao ya Juu. Alishikilia kwamba mamlaka yote ni ya wananchi. Mwishowe alifungwa kwa madeni akiwa bado jaji, akafia mbali na kwake.

Sikuwaficha jambo moja. Ni yeye aliyependekeza kwamba, katika kugawa viti vya bunge, watumwa watano wahesabiwe kama watu watatu.

Msichana aitwaye Dolphine akasema haoni ajabu. Baba yake akiulizwa ana watoto wangapi husema wawili, na wao wasichana wanne wako hapo hapo wakimpikia mgeni chai. Darasa zima likacheka. Mimi sikucheka, Dada.

Baba alipofariki, ni mimi niliyekwenda kwa chifu kuchukua barua ya kutaja warithi. Chifu aliniuliza Baba ameacha watoto wangapi. Nikasema wawili, mimi na Gisiri. Hakuna aliyenishurutisha. Wewe ulikuwa jikoni ukiwapikia waombolezaji. Baadaye nilikuambia sheria ndiyo iliyotupa sisi shamba. Haikuwa sheria. Ni mimi.

Jumatatu nilirudi kwa chifu, akaandika barua nyingine, nikaipeleka mahakamani pamoja na kiapo changu. Gisiri anasema vitabu vimeniharibu, na kwamba mwanamke aliyeolewa ana shamba la mumewe. Nilimkumbusha ni omena za nani zilizomlipia karo.

Shamba bado halijagawanywa. Kesi itatajwa tarehe 16. Njoo na kitambulisho. Ukitaka kunishtaki kwa uongo ule, sitapinga.

Msalimie shemeji Job na watoto. Katika barua mpya tuko watatu. Wewe umeandikwa wa kwanza, kama ulivyozaliwa.

Ndugu yako,
Mniko