Jina Moja, Namba Mbili

Siku ya kwanza, 8/6

Niko na myaka makumi saba na tano. Nimepita vita zenye sikumbuke hesabu. Nimepita kolera ya kambi. Nimekimbia Nyamitaba mara tatu na godoro ku kichwa. Nimezika ng'ombe zangu zote. Nimezika na mutoto wangu Bahati. Mimi Bauma niko hapa bado.

Nimefungua mulango ya hospitali saa kumi na mbili kamili. Nimefagia. Nimeandika watu kumi na moja mu kaye ya mulango. Maandishi yangu ni makubwa kama viazi lakini inasomeka. Masomo: myaka mbili kwa katekista, basi. Lakini namba, hapana cheza na mimi. Nilikuwa wa kupima majani ya chai kule Masisi, na hakuna kilo ilinipotea.

Bibi yangu Nyota, mama ya Bahati, iko sale ya wanawake, chumba ya wagonjwa. Aliteleza juu ya magogo ya daraja akitoka shamba. Muguu ilivunjika chini ya goti, ngozi ikapasuka. Inavimba. Inanuka. Walimupiga picha ya mufupa juzi, siku ya posho, jumamosi, kiisha taa ya mashine ya picha ikaungua. Haiwezi piga ingine. Munganga wa kupasua amefika leo na ndege, ataondoka siku ya posho yenye inakuja. Iko kijana, viatu safi. Tutaona.

Kitu kingine. Papa Mbusa, muchuruzi wa Butembo mwenye duka kubwa hapa Mubi, ameletea farmasi ordinatere mupya, kompyuta. Zawadi. Esperance wa farmasi alikuwa anaiwasha, ikamuuliza jina. Nikasimama mbele yake. Nikasema iitwe Bahati. Kwetu jina ya mufu haiachwe bila mwenyewe, mutoto anayezaliwa nyuma njo anaichukua. Bahati alikufa na homa bila mutoto. Na alikuwa fundi wa mashine zote za hii hospitali.

Esperance akasema, "Papa, ordinatere haiko mujukuu."

Nikasema sitoke hapa. Sikutoka. Akaandika. Nimeshinda.

Siku ya pili, 9/6

Shida.

Picha zinakaa mu kisanduku kidogo nyeusi ndani ya depo, chumba ya vyombo. Haina ekrani, ile kioo ya kuangalia, haina fasi ya kuandikia. Taa moja ya kijani tu. Bahati njo aliiweka. Mashine ya picha inapiga, inatuma kule na waya yao peke yao, yenyewe haibakishe kitu. Munganga anagonga ku ordinatere yake pale waliandika PICHA, zinakuja.

Leo zimekataa. Aligonga, akagonga. Ordinatere inasema hii folda haiko. Lakini taa ya kijani inawaka, nimeiona na macho yangu.

Ameniita. "Papa, ule muguu unaoza. Nikiona mufupa ulivunjika namna gani, naweza kuusafisha na kuuunganisha. Bila kuona, nitakata juu ya goti. Siwezi cheza na maisha yake."

Nikauliza siku gani. Akasema siku ya ine, saa nane. Anataka siku ya kumuangalia Nyota mbele ndege imuchukue yeye.

Sikumuambia Nyota. Mwanamuke wa jembe. Umukate muguu, atabaki nini.

Siku ya tatu, 10/6

Rezo ya simu iko ku kilima nyuma ya kanisa tu. Nimepanda. Vijana wa piki-piki wakanipigia kelele, "Muzee, ikaa! Utafia njiani!" Nikawajibu nitawazika wote.

Nimemupigia Kambale. Iko Goma, alifanya kazi na Bahati. Amenifasiria polepole. Naandika mbele nisahau.

Kila ordinatere iko na namba yake. Ni kama nyumba yenye inakaa. Lakini watu hawapende kukumbuka namba, wanapenda jina. Sasa rutere, ile sanduku nyeupe ya antene mbili, njo inachunga kaye. Jina huku, namba huku. Ordinatere ya munganga inauliza rutere: fulani anakaa wapi? Rutere inaangalia mu kaye, inajibu namba. Ordinatere inaenda kule kule yenye imeambiwa. Haijiulize mara mbili.

Nimeelewa mbio. Mu kambi, chefu alikuwa na kaye ya vile vile. Muntu anakuja, anasema natafuta Bauma, chefu anaonyesha hema. Ukihama bila kumuambia, hata ndugu yako hakuone.

Kiisha Kambale akasema, "Ile kisanduku Bahati aliipatia jina yake mwenyewe. Alikuwa anajipenda, unamujua." Akacheka. "Papa, kuna ordinatere ingine iliingia hizi siku? Wameipatia jina gani?"

Nikageuza simu ku sikio ingine.

Nimejibu: hakuna.

Naandika hapa kwa sababu hakuna mwenye anasoma. Nimedanganya. Nimeona nikisema, wataifuta jina ya mutoto wangu, na hospitali muzima itajua ni nani aliharibu. Nikasema mu roho, nitatengeneza mwenyewe. Kambale akasema basi labda kisanduku imekufa ndani, hata kama taa inawaka. Akanipa pole.

Esperance alipoenda kula, niliingia farmasi, nikachomoa waya zote za ordinatere mupya. Nilijua jina itarudi kwa mwenyewe. Nikamuambia munganga agonge tena. Akagonga. Sasa haikusema folda haiko. Ilinyamaza. Ikanyamaza. Kiisha ikasema haione kitu kabisa.

Mbaya zaidi. Nimerudisha waya.

Siku ya ine, 11/6

Saa moja wamepita mu sale, wamemukataza Nyota kula. Akaniuliza kwa nini. Nikasema sijue. Akanitazama. Amenizoea, uwongo yangu anaisikia mbele niitoe.

"Wanataka kukata," akasema. "Na mihogo utalima wewe? Wewe mwenye hata fagio inakuumiza mugongo?"

Wanawake wengine wakacheka. Mimi hapana.

Nimetoka mbio. Mbio ya muzee, lakini mbio. Ku kilima, Kambale hakushika simu. Mara ya pili, hapana. Mara ya tatu ameshika. Nikasema yote mu pumzi moja: ordinatere mupya iko, ni ya farmasi, ni mimi nililazimisha, inaitwa Bahati.

Akarudilia ile jina.

"Papa. Ile mupya ilifika kwa rutere, ikasema mimi ni Bahati. Rutere ikafuta namba ya kisanduku, ikaandika ya mupya. Munganga anaomba picha ya mifupa kwa farmasi."

Nikamuuliza kwa nini kuchomoa haikusaidia. Akasema rutere haijue kama umetoka. Inaendelea kutuma watu ku nyumba tupu mpaka siku zenye ilikupatia ziishe.

Namba ya kisanduku, Kambale hakuikumbuka. Lakini rutere iko na liste ya namba zote zenye ilitoa. Akasema tuachane na majina. Tupite ku kila ordinatere, tuchukue namba yake, kiisha tuzikate ku liste ya rutere. Yenye itabaki bila mwenyewe njo ya kisanduku. Akanipa neno ya kuandika mu dirisha nyeusi ya ordinatere: ipconfig. Kaye nilikuwa nimeisahau chini. Nimeandika na biki juu ya mukono, herufi moja moja, alinirudilia mara ine.

Saa ine nilikuwa hospitali. Nimesema mbele ya Esperance na munganga: ni mimi. Na jana nilidanganya. Esperance hakunitukana. Afazali angenitukana.

Tukazunguka. Yeye anaandika ile neno, dirisha inamwaga mistari, mimi natafuta musitari wa adrese, nakopia. Zote zinaanza 192.168.1, namba ya mwisho njo inabadilika. Resepsio, 11. Materinite, 12, na mwanamuke iko anasukuma mutoto nyuma ya pazia, anatufukuza. Labo ilifungwa. Mwenye labo iko soko. Nilienda kumutoa kwa wauza samaki, samaki yake mu mukono. Labo, 15. Ya munganga, 18. Farmasi, 22.

Saa sita ilikuwa imepita. Nikaona moshi jikoni ya blok, kule wanapasulia watu. Wanachemusha vyuma.

Munganga akasema, "Papa, siwezi ngoja sana."

Nikasema atangoja. Mimi, sentineli wa kuchunga mulango, nilimuambia munganga atangoja.

Neno ya siri ya rutere ilibandikwa chini ya tumbo yake. Esperance akaandika, liste ikatokea. Namba sita. Nikakata na biki. 11. 12. 15. 18. 22. Ikabaki moja. Esperance alisema haraka, 14. Nikasema, dada, macho yako inaona samaki ya mwenye labo. Ni 40. Akaangalia tena. Ilikuwa 40.

Munganga akaandika namba mahali pa jina. Akagonga. Kale kaduara kakazunguka. Kakazunguka bado. Nyuma yangu muntu akaanza kuomba na sauti ya chini.

Mufupa ukatokea. Mweupe. Umevunjika vipande viwili, haukusagika. Pembeni wameandika NYOTA.

Munganga akasogeza uso karibu. Akapima na kidole. Akasema, "Sikate."

Nilitoka inje. Nililia. Naandika na hiyo.

Siku ya tano, 12/6

Walimupasua jana saa nane. Walisafisha, wakatia vyuma. Muguu iko. Vidole vinacheza. Lakini asubui homa ilipanda, munganga amekuja mara tatu. Sipende munganga mwenye anarudi mara tatu.

Nimefagia uwanja mara mbili. Ilikuwa safi.

Mchana Esperance akanifuata ku mulango. Kambale amemuambia namna ya kutengeneza, lakini ile ya farmasi lazima ibadilishe jina. Alikuwa anaweza kufanya bila mimi. Alikuja kuniuliza.

Nilikuwa nataka ziwe mbili. Nasema kweli. Muntu mwenye hakuacha mutoto, mashine mbili zenye jina yake si nyingi. Lakini kisanduku alijiitia mwenyewe, na njo ilikuwa na picha ya mama yake. Hii ingine ni mimi na kichwa yangu.

Nikasema, iite Farmasi.

Akaandika. Akazima rutere na kisanduku, akawasha. PICHA inafunguka tena na jina. Nimeenda ku depo kuangalia ile taa ya kijani. Nilikaa pale kidogo.

Siku ya posho, 13/6

Ndege imeondoka. Mbele ya kupanda motokari munganga alinipa mukono, akasema nimufundishe kungoja. Nikamuambia ni kazi ya myaka.

Homa imeshuka. Nyota amekula bugali kidogo na sombe. Nikafunga pazia, nikamuambia yote. Jina, uwongo, waya nilichomoa. Nikangoja matusi. Akasema nisogeze muto. Nikasogeza. Kiisha akasema Bahati angenicheka mpaka ajikune mbavu. Ni kweli.

Kama siku moja kuna mwenye anasoma hii, na ana mashaka, aulize Esperance wa farmasi, tulitembea pamoja. Aulize Kambale Goma, simu tatu kwa asubui moja. Aulize mwenye labo, bado ananikasirikia. Na Nyota. Lakini yeye mungojee kwanza. Amelala.