Ua wa Mbao na Mtamba wa Mama Chepkoech

Jumanne, alasiri. Mawingu yamekaa juu ya Rongai tangu asubuhi na mvua imekataa kunyesha. Sijala. Mikono yangu inanuka oili hata baada ya kuiosha mara tatu.

Acha niandike nilichofanya.

Jumamosi nilimaliza kujenga ua wa mbao kati yangu na jirani yangu, Mama Chepkoech. Hapa kwetu mchwa hawachelewi kumaliza nguzo, kwa hivyo nilienda Salgaa kwa mafundi wa malori nikapewa mtungi wa oili chafu, ile inayomwagwa kutoka kwa injini. Jumapili baada ya kanisa nikapaka ua wote, pande zote mbili. Mbao zikawa nyeusi, zinang'aa. Nilijipongeza.

Ua huo niliujenga kwa sababu ya ng'ombe wake. Ni mtamba mmoja mwekundu, ana mimba ya kwanza, na ndiye ng'ombe pekee aliyebaki naye tangu mumewe afariki. Mara tatu aliingia kwa shamba langu la sukuma wiki. Mara ya tatu nilimwambia Mama Chepkoech mbele ya watu, pale dukani, "Hiyo ng'ombe ikirudi kwangu tena, itanijua."

Leo asubuhi nikamsikia Mama Chepkoech akiita watu, nikakimbilia kwake.

Mtamba alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, anasaga meno, macho wazi lakini haoni. Nikageuka kutazama ua. Upande wake, usawa wa mdomo wa ng'ombe, mbao tatu zilikuwa zimelambwa hadi rangi ya mti ikarudi.

Nilijua papo hapo.

Daktari wa mifugo akafika na pikipiki, akamuuliza Mama Chepkoech, "Mathe, amekula nini?"

"Ni nyasi tu, daktari. Nyasi na maji."

"Basi tuanze na dawa ya homa ya kupe," akasema, akafungua mkoba wake.

Nikanyamaza. Nilikuwa nimesimama hapo katikati ya majirani, wengine wao walionisikia dukani, nikanyamaza. Nani angeamini kwamba sikukusudia? Nilimtazama daktari akivuta dawa isiyofaa kwenye sindano.

Ndipo mtamba akaanguka kwa magoti ya mbele. Mama Chepkoech akamshika sikio, akaanza kumwongelesha kwa Kikalenjin, polepole, kama mtu anayembembeleza mtoto mwenye homa.

"Daktari, ngoja," nikasema. "Amelamba oili chafu. Ni mimi nilipaka hiyo fensi."

Daktari aliweka sindano chini. "Na umesimama hapa muda huu wote?"

Alimnywesha mtamba chumvi ya dawa kwa chupa, kisha akaniandikia dawa ya kutoa mwilini sumu ya risasi, ile madini inayokuwa kwenye oili chafu. Nikakimbia Nakuru mjini kuitafuta. Niliporudi, Mama Chepkoech alikuwa ameketi palepale.

"Ulitaka afe?"

"Hapana, Mama."

"Ulisema itakujua."

"Nilisema. Lakini sikujua ng'ombe inalamba oili."

Alinitazama hadi nikainamisha macho. "Shika kichwa," akasema.

Nikashika. Sindano ya daktari ikaingia.

Saa tisa hivi mtamba alisimama, akanywa maji nusu ndoo. Daktari anasema tungoje siku tatu, na kuhusu ndama hawezi kuahidi chochote. Mimi nimeng'oa mbao zote za ua na kuzifungia stoo. Nguzo nazo nimezizungushia magunia hadi nipate dawa ya mbao ambayo haidhuru mifugo.

Kinachonisumbua si oili. Oili sikujua. Kinachonisumbua ni ule muda niliosimama nikinyamaza, nikilinda jina langu huku mnyama wa mtu anakufa. Hilo nililijua vizuri.

Mama Chepkoech hajasema amenisamehe, na sijamwomba bado. Nitamwomba, mbele ya walewale wa dukani.

Daktari anarudi kesho asubuhi kwa sindano ya pili. Sijaitwa.

Nitaenda.